Sweta la Afande Kwenye Kamba Yangu

Mwanangu Vaileth ni askari polisi. Kwa miaka minne nililisema jambo hilo kwa sauti kubwa kuliko lilivyohitaji: dukani, kanisani baada ya ibada, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hata kwa watu ambao hawakuniuliza habari za watoto. Siku hizi nalisema kwa sauti ndogo. Si kwamba yeye ameharibu kazi. Aliyeharibu ni mimi, na nilitumia sweta.

Kwetu ni juu ya Usa River, kule ambako barabara ya lami unaiacha chini na kupanda katikati ya migomba na kahawa mpaka baridi inakushika masikio. Baba yake Vaileth, marehemu Philemoni, alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Nililea kwa shamba dogo linalonyweshwa na mfereji unaotoka mlimani. Mfereji huo ni wa nyumba kumi na tisa, na kila nyumba ina zamu. Yangu ni Jumatatu, kuanzia kunapokucha hadi saa sita mchana. Ukifika wakati wako unaziba mfereji kwa vipande vya mgomba na udongo, maji yanageukia shambani kwako. Saa sita natakiwa nivunje kizuizi, maji yateremke kwa jirani yangu wa chini, Mwalimu Evaresta, naye akae nayo mpaka jioni. Kiangazi, saa moja ya maji ni kitu cha kugombaniwa. Mwenyekiti wa mfereji, Mzee Elimringi, anazo zamu zote kichwani na hupita na fimbo yake kukagua.

Vaileth hakuwa mtoto wa kelele. Alikuwa mtoto wa kuangalia. Ukimtuma chumvi, akirudi anakuambia kwamba mlango wa duka umewekwa bawaba mpya na mwenye duka leo jicho moja ni jekundu. Alipokuwa darasa la sita alichaguliwa kiranja, na kazi mojawapo ya kiranja ni kuandika majina ya wanaopiga kelele mwalimu akitoka. Siku moja Mwalimu Evaresta, ambaye wakati ule alikuwa hajastaafu, alirudi darasani akakuta orodha mezani, na jina la kwanza ni Vaileth Philemoni. Akamuuliza kwa nini. Mtoto akasema yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, wengine wakafuata. Mwalimu alinisimulia hayo akiwa amesimama uani kwangu, akicheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi sikucheka. Jioni nilimwita mtoto nikamwambia asirudie ujinga huo, hakuna mtu mwenye akili anayeandika jina lake mwenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Lakini mama, wote walinisikia."

Alipomaliza kidato cha nne akasema anataka polisi. Nilikaa wiki nzima silali vizuri. Mimi nilisoma mpaka la saba tu, na nilichojua kuhusu polisi ni urefu, buti na sauti. Nilimwangalia mwanangu, kimo cha wastani, sauti kama ya mtu anayeongea na mgonjwa, nikaona watamrudisha getini. Nilimwambia Mwalimu Evaresta amshauri ualimu au uuguzi. Badala yake Mwalimu alimwita Vaileth nyumbani kwake akamketisha mezani.

"Polisi asiyejua kuandika ni mlinzi mwenye filimbi," alimwambia. "Kaa hapo."

Barua ya maombi ilitakiwa iandikwe kwa mkono, na Mwalimu alimwandikisha mara nne. Si kwa sababu ya mwandiko, kwani mwandiko wa Vaileth ulikuwa mzuri. Barua ya kwanza ilisema ameipenda nchi yake tangu utotoni. Mwalimu akamuuliza alianza tarehe ngapi. Vaileth akacheka, mimi nikacheka, Mwalimu hakucheka. Akasema aandike yale tu ambayo akiulizwa ataweza kuyasimamia. Ya pili ilisema yeye ni jasiri. Mwalimu akataka kujua nani alishuhudia. Barua iliyopelekwa mwisho ilikuwa fupi kuliko zote: umri, elimu, afya, hajaolewa wala hana mtoto, na kwamba akiambiwa jambo na mtu analikumbuka kama lilivyosemwa.

Hiyo ya mwisho Mwalimu alikuwa ameipima. Kwa Jumamosi kadhaa alimtuma Vaileth sokoni, asikilize watu wawili wanaozozana juu ya nafasi ya kupanga nyanya, arudi aandike alichosema huyu na alichosema yule, bila kusema nani ana haki. Vaileth akirudi anasoma, na kila anapoishia Mwalimu anamuuliza, "Na baada ya hapo?" Nilikuwa napita na kuwaona hivyo, nikadhani ni mchezo wa mwalimu mstaafu aliyekosa wanafunzi.

Akaitwa kwenye usaili. Akakimbia, akapimwa macho na kifua, vyeti vyake vikakaguliwa mpaka cha kuzaliwa. Akapitia kwanza JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, akarudi mweusi na mwembamba, anaamka kabla ya jogoo. Kisha akaenda mafunzo ya polisi Moshi. Alipopiga simu nilitegemea habari za bunduki. Yeye alikuwa anaongea habari za darasa: sheria, namna ya kumpokea mama aliyepigwa na mumewe bila kumuuliza mbele ya watu, namna ya kumfunga bandeji majeruhi, namna ya kuandika maelezo ya mtu kwa maneno yake na kumsomea kabla hajasaini. Alisema kuna kijana mmoja mrefu sana, ana sauti ya kutisha, amefeli mara mbili kwa sababu anaandika anachofikiri badala ya anachoambiwa. "Mwalimu Evaresta angemchapa huyo," alisema.

Siku ya kumaliza mafunzo nilikwenda. Walipopita kwa gwaride sikumtambua mpaka alipogeuza shingo. Nililia, na katika kulia kule kuna kitu kiliingia ndani yangu ambacho sikukiangalia vizuri. Niliporudi, vijana wa bodaboda pale njia panda walianza kuniita Mama Afande. Mmoja akanipisha kiti dukani. Mtu ambaye maisha yake yote amepisha wengine akipishwa mara moja, anasubiri apishwe tena.

Vaileth alipangiwa kituo mkoa mwingine, mbali. Mwaka wa nne, mwezi wa sita, alikuja kwa mazishi ya shangazi yake. Alitoka zamu moja kwa moja, mvua ikampiga njiani, akafika ameloa. Alivua sweta la kazi, lile la buluu iliyokolea lenye vitambaa mabegani, akalitundika nyuma ya mlango. Siku ya pili alfajiri aliondoka mbio na sweta likabaki.

Nililikuta siku tatu baadaye. Ilikuwa Jumatatu. Nililifua na kulianika kwenye kamba iliyo mbele ya nyumba, karibu na njia ya mfereji. Siku hiyo nilikuwa napanda maharage, nikajisahau na maji. Mpaka saa nane kizuizi changu kilikuwa bado. Mzee Elimringi akaja na fimbo yake, na kwa jinsi alivyokuwa anatembea nilijua anakuja kunisema. Akafika kwenye kamba, akasimama. Akaangalia sweta. Fimbo ikashuka.

"Kumbe afande yupo," alisema kwa sauti ya chini.

Hapo nilikuwa na neno moja tu la kusema, hayupo. Sikulisema. Nilisema, "Amelala ndani, amechoka na safari."

"Basi, basi, asisumbuliwe. Ukimaliza utafungulia tu."

Akaondoka kwa kunyata, mzee wa miaka sabini. Mimi nilibaki na maji mpaka saa kumi.

Ningeweza kusema kwamba ilikuwa mara moja. Jumatatu iliyofuata nilililowesha tena sweta ambalo halikuwa limechafuka, nikalianika. Na iliyofuata. Nilikuwa nafua sweta lisilovaliwa na mtu. Lilipoanza kupauka mabegani niligeuza upande wa ndani ukauke na jua, upande wa nje ubaki na rangi yake, ila vile vitambaa vya mabegani nilihakikisha vinaonekana kutoka njiani. Kumbe na mimi nilikuwa mtu wa kuangalia.

Maji yangu yakawa ya mpaka saa tisa, saa kumi. Maharage yangu yalistawi mpaka watu wakasifu.

Chini yangu Mwalimu Evaresta alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, miche mia tatu, aliyokuwa akiiotesha ili agawie nyumba za mfereji, kwa kuwa mibuni yetu mingi imezeeka. Alianza kubeba maji kwa ndoo kutoka bombani, na goti lake moja ni bovu. Nilikuwa namwona kupitia migomba. Niliingia ndani ili nisimwone.

Mwezi wa nane alikuja mwenyewe na jembe. Saa ilikuwa inakaribia nane. Alinisalimu vizuri, akasema anavunja kizuizi, huenda nimesahau. Akainua jembe. Na mimi nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni yanakuja na nafunika uso.

"Mwalimu, usiguse hapo. Vaileth ameniambia anayebomoa kizuizi cha mtu ni kesi."

Aliniangalia. Aliangalia kamba. Akaliweka jembe begani, akateremka polepole, mguu mbovu nyuma ya mzima.

Vaileth hakuwa ameniambia kitu. Vaileth wakati huo alikuwa mbali, hajui kama kuna kiangazi kwetu.

Mwezi wa tisa alinipigia. Alikuwa na furaha, jambo ambalo kwake unalisikia kwa sababu anaongea haraka kidogo. Jina lake lilikuwa limependekezwa kwenda kozi ya ukoplo. Wakikaguliwa vifaa na wakikutwa sawa, anaondoka mwezi wa kumi na moja. Halafu akauliza kama niliona sweta lake, maana kwenye ukaguzi kila kitu kinahesabiwa, na hakumbuki kama aliliacha nyumbani au kwenye basi.

Simu nilikuwa naipokelea mbele ya nyumba. Sweta lilikuwa hatua tano kutoka nilipo. Nilifikiri Jumatatu ijayo, nikafikiri maharage ya awamu ya pili yaliyokuwa yanatoa maua.

"Hapa sijaliona," nilisema.

"Basi litakuwa limebaki kwenye basi. Itabidi niandike taarifa."

Nilimwuliza kama ataadhibiwa. Alisema kupoteza si jambo zuri, lakini akieleza ukweli mapema litaisha. Alisema hivyo hivyo, akieleza ukweli. Nami nikamtakia usiku mwema ingawa ilikuwa mchana.

Alikuja mwezi wa kumi bila kusema, siku ya Jumatatu. Alikuwa amepewa siku nne akaniage kabla ya kozi. Pikipiki ilimshusha kwenye daraja la chini, kwa hiyo alipanda kupitia kwa Mwalimu Evaresta. Haya ya kule chini aliniambia yeye mwenyewe baadaye.

Alimkuta Mwalimu ameinamia kitalu, anamwagia kwa kopo, mche mmoja mmoja. Mingi ilikuwa imekauka, imesimama kama vijiti. Vaileth alikuwa amevaa gauni la kawaida na kanga. Mwalimu alipoinua uso akamwona, alinyooka kwa shida, akaweka kopo chini.

"Shikamoo, afande," alisema Mwalimu.

Vaileth alidhani anataniwa. Alisema, "Mwalimu, mimi ndiye wa kukuamkia."

"Siku hizi sijui," Mwalimu alimjibu. "Nisije nikafanya kosa lingine."

Vaileth alimwamkia kama inavyotakiwa, akachukua kopo, akamalizia mstari uliobaki. Kisha akapanda kwangu.

Nilikuwa jikoni napika ndizi. Nilisikia hatua, nikatoka nikiwa nafuta mikono, na kwa sekunde ile nilifurahi kabisa, kama mama yeyote. Halafu nikaona anapoangalia. Sweta lilikuwa kwenye kamba, limepigwa vibanio viwili, maji yanadondoka. Nyuma yake maji ya mfereji yalikuwa yanaingia shambani kwangu, na ilikuwa imepita saa nane.

Hakupaza sauti. Alitoa vibanio, akalikunja sweta likiwa bichi vile vile, akakaa nalo magotini kwenye ngazi ya mlango, gauni likaloa.

"Mama, kwa nini Mwalimu Evaresta ananiamkia mimi?"

Nilienda kwenye mfereji nikavunja kizuizi kwa mikono, matope mpaka kwenye viwiko. Nilipogeuka alikuwa bado ananingoja. Nikaanza kusema kwamba sweta nililiona juzi tu, nyuma ya gunia. Alilifunua begani, mahali palipopauka, akaniangalia, nikaacha.

Ndipo akaniambia kilichompata yeye. Taarifa ya kupotea kwa sweta alikwisha kuiandika, akaisaini, mkuu wa kituo akaipokea. Inasema sweta limepotea safarini, mama yake ameulizwa na amethibitisha kwamba nyumbani halipo. Ni kwa karatasi ile ndipo alipewa sweta jingine, akapita kwenye ukaguzi, na jina lake likabaki kwenye orodha ya kozi.

Mimi niliona njia hapo hapo. Akili yangu ni nyepesi kwenye mambo kama hayo, ndiyo hofu inavyonifundisha.

"Tulichome," nilimwambia. "Nyuma ya migomba kule. Hakuna anayejua. Litakuwa limepotea kama ulivyoandika."

"Wewe unajua, na mimi najua."

"Mimi ni mama yako, nitasema wapi?"

"Siku nikimwandika mtu mwingine maelezo, mama, nikamwambia aseme ukweli, nitamwangaliaje?"

"Utakosa kozi."

"Huenda."

"Miaka minne, Vaileth. Kwa sweta."

"Si kwa sweta," alisema.

Alikuwa anaitaka kozi ile. Naomba hilo lijulikane, kwa sababu watu walipokuja kuhadithia baadaye walisema yule binti ni wa chuma, hana moyo. Alikuwa anaitaka kama mtu anavyotaka maji, na mimi ndiye niliyekuwa nimeyaziba.

Aliingia ndani, akatoka na daftari na kalamu, akaviweka mezani mbele yangu. Alisema yeye hawezi kuchukua maelezo yangu, mimi ni mama yake, hata akiandika ukweli mtupu hautaaminika. Niandike mwenyewe kwa mkono wangu, ataambatisha na barua yake.

Nilimwambia sijaandika kitu kirefu tangu la saba.

"Anza na jina lako. Halafu siku. Halafu ulichofanya, kwa mpangilio ulivyokifanya. Usiandike ulichotaka kufanya. Usipambe."

Nilikaa pale tangu saa tisa mpaka jua lilipogusa migomba. Ndizi ziliungua. Nikiandika mistari miwili nasimama, naye aliyekuwa ameketi upande wa pili ananiuliza, "Na baada ya hapo?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu mwenye siku nzima. Nilitaka kuandika kwamba nilisahau. Akauliza kama nilisahau au nilimwambia sijaliona. Nikaandika nilimwambia sijaliona. Nilitaka kuishia hapo kwenye sweta. Akauliza kwa nini lilikuwa linafuliwa kama halivaliwi. Basi ndipo ikatoka habari ya maji, na ya Mzee Elimringi, na mwisho, kwa herufi ndogo ndogo pembeni ya ukurasa, maneno niliyomwambia Mwalimu Evaresta.

Aliposoma pale pembeni aliweka daftari chini, akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile. Alisema maandishi ni yangu na hatayagusa hata mahali nilipokosea herufi. Akanisomea yote tangu mwanzo, polepole. Nimesemwa na watu wengi maishani, na wengine walinisema kwa haki. Sijapata kusikia kitu kigumu kama maneno yangu mwenyewe yakisomwa na sauti ya mwanangu.

"Ni sawa?" aliuliza.

"Ni sawa."

Nikasaini.

Nilifikiri yameishia kwenye karatasi. Kumbe Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kusafisha mfereji. Siku nne alizopewa zilikuwa zimekwisha, akaomba mbili zaidi. Watu wa nyumba zote kumi na tisa walikuwa pale juu kwenye banio, maji yanapoingilia kutoka mtoni, na majembe yao. Hakunisukuma. Aliniambia tu kwamba yale ya sweta ni ya kituoni, lakini ya maji ni ya watu wa mfereji, na siyo yeye wa kuwaambia.

Nilisimama mbele yao na karatasi ya pili niliyoiandika usiku wa Ijumaa. Nilisoma vibaya, nikarukaruka mistari, Mzee Elimringi akaniambia nirudie pale kwenye "amelala ndani". Nikarudia. Kuna aliyesema kwa nyuma, "Mama Afande leo amejikamata mwenyewe," na watu wakacheka. Ningependa wangenitukana.

Adhabu ya mwizi wa maji kwetu inajulikana. Nilipewa banio, nitoe mchanga peke yangu Jumamosi mbili, na zamu zangu za Jumatatu tatu zote ziende kwa Mwalimu Evaresta. Nilimtazama Vaileth. Ndani yangu nilikuwa nategemea achukue jembe anisaidie, watoto wa wengine huwasaidia wazazi wao. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anachimba na wenzake kwenye sehemu iliyopangiwa nyumba yetu, hatua mia moja kutoka kwangu, na hakuja. Nilikasirika mpaka nikalia ndani ya maji yale ya baridi. Baadaye sana ndipo nilipoelewa. Angenishikia jembe, watu wangesema afande ameingilia tena.

Mwalimu Evaresta alinikuta pale jioni, wengine wamekwisha kushuka. Alikaa kwenye jiwe, akanyoosha goti lake. Nilimwomba msamaha, nikamwuliza miche mingapi imepona. Alisema arobaini hivi.

"Miche nitaotesha mingine, Tabea," alisema. "Siku ile niliweka jembe begani kwa sababu niliamini ni yeye aliyesema. Miezi miwili na zaidi nimemdhania vibaya mtoto yule. Hiyo ndiyo uliyoninyima, kuliko maji."

Niliinama nikaendelea na mchanga, naye alikaa mpaka nilipomaliza.

Vaileth aliondoka na sweta na karatasi yangu. Wiki nne nilikuwa kila simu ikilia nakimbia. Alipopiga alisema jina lake limeondolewa kwenye kozi ya mwaka huo, na amepewa onyo la maandishi kwa kuacha sare mahali pasipo salama na kutoa taarifa bila kuhakiki. Alisema kwa mpangilio, kama anayesoma. Mwakani jina linaweza kupendekezwa tena au lisipendekezwe.

Nililia kwenye simu. Aliniacha nilie. Halafu akauliza maji ya Mwalimu siku hizi yanafika saa ngapi.

"Saa sita kasoro kumi," nilisema.

"Asante, mama."

Mwaka ule umepita, na mwingine unaelekea kwisha. Jina lake halijapendekezwa. Yeye bado ni konstebo, bado anaandika maelezo ya watu na kuwasomea, na akija likizo anapitia kwa Mwalimu kwanza kabla ya kufika kwangu. Vijana wa njia panda hawaniiti tena Mama Afande, wananiita Mama Vaileth, na dukani nasimama kwenye foleni.

Jumatatu sianiki kitu chochote kwenye ile kamba, hata kitambaa cha jikoni. Nguo zangu zinangoja Jumanne.